Waya na Maikrofoni: Kurekodi Gitaa Kavu Idsowe

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo, nchini Kongo. Tracey alikuwa na mazoea ya kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza mwenyewe penye utamu. Gitaa lilikuwa kavu, na sauti yake ilipita njia moja tu mpaka kwenye rekodi.

Magitaa kavu mengi ya leo yana pikapu chini ya daraja, kwa hiyo njia zimekuwa mbili: waya wa pikapu na maikrofoni. Kwa mpigaji wa Idsowe, kando ya mto Tana karibu na Garsen, njia ya waya ni msaada mkubwa. Chini ya paa la mabati, mvua ikianguka maikrofoni hunasa paa kuliko gitaa, na usiku wa masika vyura hawanyamazi. Waya hausikii vyote hivyo. Ila waya peke yake hutoa sauti nyembamba na kali, isiyo na mbao ndani yake. Mbao huletwa na maikrofoni, ndiyo maana prodyuza hutaka vyote viwili.

Kasoro huanzia hapo. Mawimbi ya umeme hufika kwenye kompyuta papo hapo, lakini sauti husafiri hewani. Kwenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi, ambalo si geni kwa kaunti ya Tana River, sauti hukimbia takriban mita 349 kwa sekunde. Maikrofoni ikiwa mita moja kutoka kwenye gitaa, sauti yake huchelewa karibu milisekunde 2.9. Ukichanganya njia hizo mbili kwa kiwango sawa, zinafutana penye Hz 174 hivi, kisha 523, kisha 872. Hz 174 ndiyo noti ya F, uzi wa nne, freti ya tatu. Mpigaji ataibonyeza kwa nguvu zote na msikilizaji ataipata hafifu, halafu lawama zimwangukie mpigaji.

Wengi hudhani dawa ni kusogeza maikrofoni karibu. Kwa kelele, ndiyo: iweke sentimita 20 hivi, ikielekea pale shingo inapoungana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu, maana besi za hapo huvuma. Lakini ufutaji haujaondoka. Umehamia Hz 870 hivi, katikati kabisa ya sauti ya gitaa. Wala kuongeza besi na treble hakurudishi kilichofutwa.

Dawa ni kulinganisha wakati kabla ya kugusa kitu kingine. Mwombe mpigaji apige uzi mmoja kwa ukali mwanzoni mwa rekodi. Vuta picha ya sauti kwenye kompyuta, tafuta kilele cha pigo hilo katika njia zote mbili, kisha rudisha nyuma sauti ya maikrofoni mpaka vilele vikutane. Kwa sentimita 20 ni kama sampuli 27 kwenye kurekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Baada ya hapo geuza fezi ya njia moja: upande unaotoa sauti nene ndio sahihi. Kugeuza fezi bila kulinganisha wakati hakutoshi, hata kama kunaonekana ni njia ya mkato.

Sikiliza matokeo kwa spika moja, kwa sababu nyimbo za huku husikilizwa sana kwa simu na redio ndogo, na hapo ndipo ufutaji hujitokeza. Kelele zikiwa nyingi, mimi ningeupa waya nafasi kubwa na maikrofoni nusu ya nguvu yake. Palipo kimya, maikrofoni itawale.

Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotungwa mwaka 1963, umejengwa juu ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa mto huu huu. Nyimbo za namna hiyo zastahili kuhifadhiwa vizuri. Kwa hiyo, ndugu prodyuza, hifadhi njia ya waya na ya maikrofoni kila moja peke yake, bila kuzichanganya. Ukishaziunganisha, hakuna mtu atakayeweza kurekebisha kosa la wakati baadaye.