Ukuta au Akiba? Uhakiki wa Fasili ya Bafa kwa Kurejelea Majaruba ya Mngeta

Fasili ya bafa iliyozoeleka katika ufundishaji wa kemia husema kwamba bafa ni myeyusho unaopinga mabadiliko ya pH pale kiasi kidogo cha asidi au besi kinapoongezwa. Fasili hii si ya uongo. Hata hivyo, uhakiki huu unadai kwamba kitenzi "kupinga" humjengea msomaji wa Kiswahili taswira ya ukuta, na taswira hiyo huficha jambo ambalo mtumiaji analihitaji zaidi, yaani kiasi cha akiba kilichomo ndani ya bafa.

Tuangalie utendaji wenyewe. Bafa ya asidi huundwa na asidi dhaifu pamoja na besi mwenza wake. Kwa mfano, asidi ya ethanoiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, pamoja na ethanoeti. Ioni za haidrojeni zikiongezwa, ethanoeti huzipokea na kugeuka kuwa asidi dhaifu. Haidroksaidi ikiongezwa, asidi hutoa haidrojeni yake na maji hufanyika. Hakuna kinachozuiwa mlangoni. Kila kinachoingia hupokewa, na kila kinapopokewa akiba hupungua.

Hesabu inathibitisha hoja hii. Lita moja yenye moli 0.1 za asidi ya ethanoiki na moli 0.1 za ethanoeti ina pH ya takribani 4.76. Lita nyingine yenye moli 0.01 za kila kimoja ina pH karibu ileile. Ziongezwe moli 0.01 za asidi ya haidrokloriki katika kila lita: ya kwanza hushuka hadi 4.67 tu, ilhali ya pili huishiwa na ethanoeti na kuanguka hadi karibu 3.2. Miyeyusho hii miwili ilikuwa na pH moja, lakini haikuwa na uwezo mmoja. Fasili ya "kupinga" haina nafasi ya kuieleza tofauti hiyo.

Tofauti hiyo ina uzito huko Mngeta, katika bonde la Kilombero, ambako mpunga hulimwa kati ya miteremko ya Udzungwa na uwanda wa mafuriko. Kwa kawaida mito inayoshuka milimani huacha mchanga karibu na miteremko na kupeleka mfinyanzi mbali zaidi. Udongo nao ni bafa: chembe za mfinyanzi na mboji hushikilia akiba ya asidi isiyoonekana katika kipimo cha pH. Jaruba la kichanga na jaruba la mfinyanzi yanaweza kusomeka 5 yote mawili, lakini la mfinyanzi likahitaji chokaa nyingi zaidi ili kufikia 6. Mkulima aliyeambiwa pH peke yake ameambiwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ataigharamia mwenyewe.

Maabara za malaria zinatoa ushahidi wa pili. Rangi ya Giemsa huchanganywa na maji yenye bafa ya fosfeti, kwa kawaida katika pH 7.2, kwa sababu maji yakiwa na asidi rangi hubadilika na vimelea huwa vigumu kutambulika kwenye slaidi. Anayeiona bafa kama ukuta ataamini kwamba ikishatengenezwa imetengenezwa. Anayeiona kama akiba ataipima tena kabla ya kuitumia.

Istilahi ya "akiba" nayo ina upungufu wake. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya bafa haiozi, lakini huisha. Aidha, neno hilo laweza kudhaniwa kuwa ni la upande mmoja, ilhali bafa ina akiba mbili: moja ya kupokea na nyingine ya kutoa. Hivyo basi, inapendekezwa fasili isemayo: bafa ni myeyusho wenye akiba mbili, ya asidi dhaifu na ya besi mwenza wake, zinazopunguza mabadiliko ya pH kwa kadiri ya wingi wake na hadi mojawapo itakapokwisha. Fasili hii ni ndefu kuliko ya awali. Urefu huo unastahili, kwa kuwa unamfundisha msomaji kuuliza maswali mawili badala ya moja: pH ni ngapi, na akiba imebaki kiasi gani?