Hamsini Bora, Hukumu Mbovu

Katika mambo yote yaliyotendwa kwa jina la orodha za vyuo vikuu vya ulimwengu tangu Shanghai walipotoa yao ya kwanza mwaka 2003, hakuna lililoniudhi kama uamuzi ulioanza kutumika Uingereza tarehe 30 Mei 2022, ulipofunguliwa mlango wa viza kwa wale walioitwa watu wenye uwezo mkubwa, kisha ikaamriwa kwamba uwezo huo utambulikane kwa alama moja tu, nayo ni kwamba mwombaji amehitimu katika chuo cha nje ya Uingereza kilichomo miongoni mwa hamsini vya kwanza katika orodha mbili, kwa uchache, kati ya zile tatu: Times, QS na Shanghai. Wasomaji wa safu hii, mlioufuatilia mchezo huu tangu Times na QS walipoachana mwaka 2009, hamna haja ya kufafanuliwa orodha zenyewe. Natumai kuwaonyesha tu mahali hasa hukumu ilipopotoka.

Imepotoka kwanza katika tarehe. Orodha inayompa mtu haki si ya mwaka alioingia chuoni wala ya mwaka anaoomba viza, bali ni ya mwaka aliotunukiwa shahada. Basi mzazi wa Kondele au wa Ahero, aliyeuza kipande cha shamba ili bintiye aliyepata A katika KCSE akasome ng'ambo miaka minne, huchagua chuo leo kwa orodha ya leo, ambayo mawakala wa mjini Kisumu humkunjulia mezani kwa taadhima kubwa, ilhali mlango utafunguliwa au utafungwa kwa orodha ambayo hata wapangaji wenyewe hawajaiandika. Chuo cha arubaini na nane chaweza kuteleza hadi cha hamsini na tatu pasipo mwalimu hata mmoja kuhama wala kitabu kimoja kupotea maktabani. Yatosha wapangaji kugeuza mizani yao. Nao huigeuza. QS, waliokuwa wakiyapa maoni ya wanazuoni asilimia 40 ya alama zote, waliyashusha hadi 30 katika toleo la mwaka 2024, wakapandisha maoni ya waajiri kutoka 10 hadi 15, wakaongeza vipimo vipya kama uendelevu. Na uwiano wa walimu na wanafunzi, ambao ndio pekee uliokuwa ukikaribia mlango wa darasa, wakaukata nusu, kutoka 20 hadi 10. Mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa pili wakati huo aligeuziwa masharti akiwa katikati ya safari, na hapana mtu aliyemwandikia barua ya kumwarifu.

Imepotoka tena, na vibaya zaidi, katika yale yasiyoonekana. Katika orodha ya kwanza ya viza hiyo vyuo vya Marekani vilikuwa zaidi ya nusu, na cha Afrika hakikuwamo hata kimoja, si Makerere wala Cape Town. Hilo lilisemwa sana, nami silirudii. Lisilosemwa ni hili: QS hawakipangi katika orodha yao kuu chuo kisichofundisha shahada za kwanza, wala kile chenye fani ya namna moja tu. Sasa tazama pwani yetu hii ya ziwa, inayougua malaria, inayosongwa na gugu maji, na ambako Kisian wanasayansi wa KEMRI wamekesha miaka mingi na mbu darubinini. Kijana wa hapa akitaka kuyajua maji kwa undani ataelekezwa Delft, katika taasisi ya IHE ambayo imewalea wahandisi wengi wa Afrika Mashariki. Akitaka magonjwa ya nchi za joto ataelekezwa Antwerp. Taasisi hizo mbili hupokea watu waliokwisha kuhitimu, zimeshika fani moja moja, kwa hiyo katika orodha kuu hazina namba, si nzuri wala mbaya. Hata Chuo cha Afya na Tiba ya Tropiki cha London, kilichoanzishwa mwaka 1899, ambacho hakuna mtafiti wa malaria asiyekijua, hutakiona katika orodha kuu ya QS. Wakala asiyekiona hukidhania hakipo, na mzazi humwamini wakala.

Shanghai, kwa insafu, hawaulizi maoni ya mtu, na hesabu zao hukaguliwa na yeyote apendaye. Walakini asilimia 30 ya alama zao hutoka katika tuzo za Nobel na nishani za Fields, hata zile za miongo mingi iliyopita, na mimi sijaacha kuuliza mzee aliyetuzwa kabla ya babu yake kuoa atamfaa nini mtoto wa Nyakach katika maabara ya mwaka wa kwanza. Ni kama kununua mbuta ufukweni Dunga kwa kusifiwa mtumbwi. Waholanzi katika viza yao hutazama mia mbili za kwanza na hukubali pia orodha za fani, wamefanya vema.

Na la ajabu ni kwamba sisi Wakenya tulikwisha kuonja sumu hii. Mwaka 2014 waziri Kaimenyi alipiga marufuku kupanga shule kwa matokeo ya mitihani, kwa kuwa baadhi ya walimu wakuu walikuwa wakiwasajili wanafunzi dhaifu katika vituo vingine ili wastani usishuke. Wengi walimlaumu, mimi nilimuunga mkono, na hata leo namuunga.

Tazama wakubwa waliotutangulia. Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga na ambaye yeye mwenyewe alisoma Ruskin, chuo cha wafanyakazi mjini Oxford, mwaka 1959 alizunguka vyuo vya Marekani akiomba nafasi, vikubwa kwa vidogo, na Septemba mwaka huo ndege ikaondoka Nairobi na vijana 81. Barack Obama mzee, mtoto wa Maseno, alikwenda Hawaii mwaka huohuo. Miaka mitatu baadaye alikuwa Harvard. Wangari Maathai alipelekwa chuo kidogo cha watawa huko Atchison, Kansas. Calestous Juma wa Budalangi, mwalimu wa shule aliyegeuka mwandishi wa gazeti, alikwenda Sussex kwa sababu ya kitengo kimoja cha sera ya sayansi, akapata udaktari mwaka 1987, hatimaye akawa profesa Harvard. Na Sussex hiyo, ambayo katika orodha za jumla haimo hata mia za kwanza, QS haohao waliiweka ya kwanza ulimwenguni katika masomo ya maendeleo miaka mingi mfululizo. Mtu ataniambia Thomas Odhiambo, ambaye kituo cha wadudu cha Mbita kina jina lake, alisoma Cambridge. Naam, na Cambridge ya siku zake ndiko alikokuwa Vincent Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu. Mwenye kutaka wadudu angekwenda wapi?

Mwezi wa Novemba 2025 Waingereza waliupanua mlango, hamsini wakazifanya mia, wakaweka na kikomo cha maombi 8,000 kwa mwaka. Sharti la tarehe ya shahada halikuguswa. Na Delft na Antwerp, zisizohesabiwa tangu awali, haziwezi kuingia hata mlango ukipanuliwa kufikia elfu.