Pembe Zisizo na Bei: Tawasifu ya Tippu Tip kama Somo la Uchumi

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, yamesomwa na wanahistoria kama ushahidi, na wanaisimu kama hazina ya Kiswahili cha karne ya kumi na tisa. Wachache wameyasoma kwa jinsi yalivyo hasa, yaani masimulizi ya mfanyabiashara juu ya biashara yake. Mwenyewe aliyaandika kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyachapisha huko Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 1974 François Bontinck akayatolea tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kisangani, mji uliokua kando ya maporomoko ambako Tippu Tip alikuwa na makao yake, anaweza kuyasoma ama katika lugha yalimoandikwa ama katika lugha ya shule yake.

Jambo hili si dogo. Elimu ya uchumi katika sehemu nyingi za Kongo ya mashariki hutolewa kwa Kifaransa, na mifano yake hutoka kwenye viwanda na mabenki ambayo mwanafunzi hajayaona. Ilhali matini hii inazo dhana za msingi za somo hilo, tena katika lugha ya sokoni: mtaji, mkopo, bei, usafirishaji, ushuru, faida. Ajuaye kusoma hadithi anaweza kuzifuata. Swali linalomkabili mhakiki ni jingine: je, hadithi hii inafundisha uchumi gani?

Mwanzo wake ni wa kawaida. Mtunzi anaeleza kwamba akiwa na umri wa miaka kumi na miwili alianza safari za karibu, akifanya biashara ya sandarusi. Baadaye alifuatana na baba yake hadi Tabora, kisha akavuka Tanganyika kwenda Urua. Huko panatokea tukio ambalo mwalimu yeyote wa uchumi angelitamani. Wenzake walizitaka pembe kubwa, ambazo bei yake ilikuwa juu. Yeye akazinunua pembe ndogo zilizodharauliwa, kwa kuwa zilikuwa rahisi na huko pwani zilikuwa na wanunuzi wake. Katika sentensi chache, bila istilahi hata moja, msomaji ameonyeshwa kwamba thamani ya bidhaa haimo ndani ya bidhaa yenyewe bali katika tofauti kati ya mahali inaponunuliwa na mahali inapouzwa, na kwamba faida humwendea yule aonaye tofauti hiyo mapema.

Mkopo nao ndio unaoipa tawasifu msuko wake. Safari huanza kwa kukopa Unguja na huishia kwa kulipa Unguja. Kilichomo katikati ni muda, na muda ni gharama. Wadai wa mwanzo ni wengi na wa kima kidogo kidogo, mpaka Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, anapomwamini na kumpa bidhaa nyingi. Safari ya tatu ilichukua takriban miaka kumi na miwili. Msomaji wa leo hana budi kujiuliza ni mdai wa namna gani awezaye kungoja kiasi hicho, na ni faida ya kiasi gani inayomfanya angoje. Hapa pia lugha inahitaji uangalifu. Neno ‘mali’ katika matini hii mara nyingi lina maana ya bidhaa za kufanyia biashara, si utajiri uliokaa. Na ‘hongo’ ni ada inayolipwa kwa mtawala ili msafara upite katika nchi yake. Mwanafunzi akilisoma neno hili la pili kwa maana ya rushwa, atadhani watawala wa njiani walikuwa wala rushwa, hali walikuwa wakitoza ushuru wa nchi yao kama ilivyo forodha yoyote.

Mpaka hapo somo ni safi. Linaanza kuchafuka pale wapagazi wanapotoroka. Katika Uzaramo mtunzi, akiwa amekosa watu wa kumbebea mizigo, aliwakamata wenyeji kwa nguvu na kuwabebesha, na anasimulia tukio hilo kwa utulivu, pamoja na jina la Kingugwa alilopewa kwa ajili yake. Kwa lugha ya uchumi, mahitaji ya kazi yalikuwa makubwa na watu wa kuifanya hawakupatikana. Ujira ulipaswa kupanda. Ulishuka hadi sifuri, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na bunduki. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1867 aliposhindana na Nsama wa Itabwa. Akiba ya pembe ya mtawala huyo ikawa ya mshindi, na msimulizi anaitaja kwa sauti ileile ya karani anayotumia kwa pembe alizonunua. Humo ndimo ulimo udhaifu wa tawasifu kama somo, na ndimo pia, kwa maoni ya mhakiki, ulimo ubora wake. Daftari halitofautishi kilichonunuliwa na kilichonyang’anywa, nalo haliombi radhi. Mwandishi mjanja zaidi angelificha.

Tukio la Utetera linakwenda mbali zaidi. Tippu Tip, akiwa amesikia habari za wanawake wa ukoo wa mtawala mzee, Kasongo Rushie, waliotekwa zamani, alidai kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao. Mzee alimsadiki na kumwachia utawala, na pembe zikaanza kumjia kama haki ya mtawala. Hapakuwa na shanga wala merikani iliyotolewa. Mtaji ulikuwa hadithi. Wale wanaopendekeza kufundisha biashara kwa hadithi wangefaa kuanzia hapa, maana hapa hadithi yenyewe inafanya biashara: inazaa imani, imani inazaa mamlaka, na mamlaka inaondoa bei. Mtunzi anasimulia hila hii kwa fahari isiyofichika, na msomaji hujikuta akicheka pamoja naye kabla hajakumbuka ni nani aliyelipa.

Aliyejifunza mbinu hiyo vizuri kuliko wote hakuwa mfanyabiashara wa Kiswahili. Mwaka 1876 Stanley alimwajiri Tippu Tip amsindikize. Stanley mwenyewe anataja reali 5,000 kwa vituo sitini. Mwaka 1887 Stanley huyohuyo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, aliafikiana naye awe liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyehesabu pembe kwa frasila akawa mtumishi wa mshahara, katika nchi ambayo mwajiri wake aliipata kwa hadithi nyingine: hati zilizotiwa alama na watawala wasiojua kusoma, na maneno ya ustaarabu yaliyosomwa Ulaya. Tippu Tip aliondoka maporomokoni mwaka 1890. Mwaka uliofuata, kwa amri ya Septemba 1891, dola ya Leopold ilijitwalia pembe na mpira wa ardhi ilizoziita zake, na kati ya 1892 na 1894 ikawapiga vita waliobaki miongoni mwa Waarabu na Waswahili. Tawasifu haina nafasi ya kulichambua badiliko hili, lakini msomaji aliyeifuata kuanzia pembe ndogo za Urua analielewa bila kuelezwa: mpinzani mwenye bunduki nyingi zaidi alikuwa amefika.

Kusoma namna hii kuna uzito wa pekee mjini Kisangani. A Bend in the River, riwaya ya V. S. Naipaul ya mwaka 1979, inauchora mji unaofanana na huu kwa macho ya mwenye duka kutoka pwani, ambaye duka lake linatwaliwa kwa amri ya serikali; katika historia, hatua za namna hiyo zilitangazwa nchini Zaire Novemba 1973. Riwaya hiyo inajua sana hofu ya mwenye duka na kidogo mno habari za wateja wake. Janet MacGaffey, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1987, aliwaona wale ambao Naipaul hakuwaona, yaani wafanyabiashara wa Kisangani, wanawake miongoni mwao, waliojijengea mtaji bila kubebwa na dola. Kisha, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji, na biashara ya almasi ilikuwa sehemu ya ugomvi wao. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo. Kati ya hizo, milioni 60 zilikuwa fidia ya maliasili. Mahakama ililazimika kukisia bei ya vitu vilivyochukuliwa bila bei.

Zoezi hilohilo linaweza kufanywa darasani kwa kutumia tawasifu. Mwanafunzi apewe sura ya Uzaramo au ya Itabwa, aandike upya hesabu ya msafara, na safari hii aweke safu ya ujira wa wapagazi waliokamatwa, safu ya chakula kilichotwaliwa vijijini, na safu ya pembe za Nsama kwa bei ya soko la siku hizo. Kisha aangalie ni kiasi gani cha faida kinachobaki kwa kumlipa Taria Topan.