Risasi, Ganda na Fataki: Uchambuzi wa Istilahi za Maganda Yaliyotumika

Miongoni mwa istilahi zinazohitaji kupimwa upya zimo zile za bunduki. Tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wafasiri wetu hawawezi tena kuziachia Kiingereza. Mkoa wa Singida unatupa mfano ulio wazi. Upande wa Manyoni na Itigi liko Pori la Akiba la Rungwa, ambako wawindaji wenye leseni huwinda na askari wa wanyamapori huwasaka majangili. Ganda la risasi lililookotwa huko laweza kuwa takataka, laweza kuwa ushahidi, na kwa mwenye kibali laweza kuwa chombo cha kutumiwa tena. Kusudi letu si kumfundisha mtu kutengeneza risasi, kazi ambayo bila leseni ni kosa. Ni kuuliza kama maneno tuliyo nayo yanatosha kuyatenganisha mambo hayo.

1. Risasi ni ipi?

Neno hili limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini yale laini na mazito. Kutoka kwenye madini likahamia kwenye kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Halafu kwenye kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na hicho kipande. Mwisho likabeba akiba yote ya bunduki, kama lilivyo katika jina la Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hizo ni maana nne katika neno moja.

Katika mazungumzo ya kawaida hakuna hasara. Katika sheria hasara ni kubwa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya silaha za moto, ambayo Tanzania imejiunga nayo, inahesabu kitu kizima na hata sehemu zake, pale ambapo sehemu hizo nazo zinahitaji kibali katika nchi inayohusika. Mfasiri anayetumia 'risasi' kila mahali atajikuta ameandika kwamba risasi ni risasi nzima au sehemu zake, yaani maganda, fataki, baruti na risasi. Fasili ya namna hiyo haimsaidii hakimu. Tena, shahidi akisema, "Nilimkuta na risasi tatu," je, alikuta tatu nzima, maganda matatu matupu, au vipande vitatu vilivyotolewa katika mzoga? Uhuru wa mtu unaweza kutegemea jibu hilo.

Watunga kamusi wa karne ya 19 waliandika 'kiasi cha bunduki' kwa kitu kizima, kwa sababu baruti ilikuwa ikipimwa. Neno ni zuri, lakini leo 'kiasi' kina kazi nyingi mno, na hatuoni faida ya kukifufua. Tunaona afadhali 'risasi' ibaki kuwa kitu kizima, kama wananchi wengi wanavyolitumia neno hilo, na kipande kinachoruka kiitwe 'kichwa cha risasi', jina ambalo tayari limo vinywani mwa watu.

2. Ganda

Wapo wanaoweza kusema kwamba 'ganda' halifai, kwani ganda la yai au la karanga hutupwa, ilhali hiki ni chombo kinachoweza kutumika mara nyingi. Hatukubaliani nao. Neno limekwisha kuenea, nalo linaeleza umbo na kazi. Upungufu uko kwenye majina ya sehemu zake. Tunayo tayari: mdomo, shingo, bega, ubavu na kitako. Mfinyanzi huita sehemu za mtungi hivyo hivyo, na hapana haja ya kwenda kuomba kwingine.

3. Kujaza

'Kujaza upya' ni tafsiri ya haraka yenye hatari. Msomaji hawezi kujua kama bunduki imetiwa risasi nyingine baada ya kupigwa, au kama ganda tupu limetiwa fataki, baruti na kichwa kipya. Mwenye gobore hana shida hiyo. Yeye hushindilia, na silaha yake haina ganda kabisa. Kwa bunduki za kisasa inatosha kutaja kinachojazwa: 'kujaza bunduki' ni jambo moja, 'kujaza ganda upya' ni jingine. Tofauti hii ni muhimu hata kwa mpelelezi, kwa maana ganda lililojazwa upya laweza kuwa na alama za bunduki zaidi ya moja.

4. Kuchambua na kukagua

Lugha za kigeni zina maelezo marefu juu ya kazi hii, na hapa Kiswahili kina utajiri kuliko inavyodhaniwa. Mkulima wa alizeti wa Singida hupepeta ili upepo uondoe makapi. Mama anayeandaa choroko huchambua, akitoa mbovu na mawe. Basi 'kupanga' kuwe ni kuyatenga maganda kwa aina: ya kipimo kimoja pamoja, ya shaba mbali na ya chuma, ambayo sumaku huyanasa; yenye tundu moja la moto chini ya fataki mbali na yenye matundu mawili. 'Kuchambua' kuwe ni kuondoa yasiyofaa. 'Kukagua' kuwe ni kulitazama ganda moja moja na kulitolea hukumu.

5. Bovu na lililochoka

Hukumu hiyo ndiyo kiini cha jambo. Ganda la kawaida ni mchanganyiko wa shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30 hivi. Kila linapopigwa hutanuka, na kila linapojazwa hubanwa tena. Shingo hukakamaa, hata ikapata ufa. Ganda lenye ufa ni bovu, na kila mtu huliona. Masizi shingoni au kibonyeo kidogo ubavuni si ubovu.

Lakini liko ganda linaloonekana zima na si zima. Juu kidogo ya kitako hutokea pete inayong'aa. Ndani yake ukuta umekuwa mwembamba, na waya uliopindwa ncha hukwama kwenye mfereji uliofichika. Ganda hilo likipigwa tena laweza kukatika vipande viwili. Au tundu la fataki limelegea, na gesi ya moto itamrudia mpigaji usoni. Kuliita 'bovu' hakutoshi, maana ubovu wake haujajitokeza. Fundi wa magari hana shida: husema springi imechoka. Tunapendekeza 'ganda lililochoka', na tunaomba walimu wa ufundi walitilie mkazo.

6. 'Tupa'

Mwongozo wa kigeni ukiagiza kwamba ganda liondolewe, wafasiri wengi huweza kuandika 'litupe'. Likitupwa zima, mwingine ataliokota. Agizo la kweli ni 'liponde', ili lisijazwe tena. Neno moja hapa ni mkono wa mtu.

Mapendekezo

Risasi: kitu kizima.
Kichwa cha risasi: kipande kinachoruka.
Ganda: chombo kinachobeba vingine.
Fataki: kiwashio kitakoni.
Risasi na sehemu zake: jina la jumla katika sheria na mikataba.
Kujaza ganda upya: kulitia fataki, baruti na kichwa kipya.
Ganda zima, bovu, lililochoka: daraja tatu za ukaguzi.
Kuponda: kuliharibu ganda lisitumike tena.

Hakuna hata neno moja hapo lililoundwa upya. Yote tumeyakuta yakitumika shambani, jikoni na gereji. Kilichobaki ni wafasiri, makarani wa mahakama na walimu kukubaliana kuyatumia kila moja mahali pake.