Namna ya Kumpima Shetani wa Riwayani

Riwaya ya mashetani na malaika hujisaliti mapema. Shika penseli, usome ukurasa wa kwanza, na ukate kila sifa iliyobandikwa kwenye giza na vitisho. Giza totoro libaki giza. Kicheko cha kuogofya kibaki kicheko. Macho yawakayo ghadhabu ya milele yabaki macho. Kisha tazama: kuna mtu aliyefanya jambo lolote? Kama hakuna, mwandishi alikuwa akipaka rangi ukuta ambao hajaujenga.

Kwetu mtego huu una utamu wake, maana lugha imejaa maneno mazito. Lakini “Jahanamu” linatosha peke yake. Msomaji aliyepita madrasa au katekisimu anaujua moto wake tangu utotoni; kumwongezea “ya moto mkali usiozimika” ni kumdharau.

Tazama alivyofanya Mikhail Bulgakov, aliyechoma rasimu ya kwanza ya The Master and Margarita mwaka 1930, akaianza upya, akafa mwaka 1940 kabla haijachapishwa. Shetani wake, Woland, anatokea katika bustani ya Moscow jioni ya joto, amevaa suti ya kijivu, jicho moja jeusi na jingine la kijani. Anamtabiria mhariri Berlioz kwamba atakatwa kichwa. Ushahidi wake? Mwanamke aitwaye Annushka ameshanunua mafuta ya alizeti, tena ameshayamwaga. Muda si mrefu Berlioz anateleza, anaangukia relini, na tramu inamaliza kazi. Hofu yote ile imebebwa na mafuta ya kupikia.

Hata hivyo, mapambo si kosa kubwa kuliko yote, na hapa ndipo wahakiki wengi hukosea. The Sorrows of Satan ya Marie Corelli, iliyotoka mwaka 1895, imerembwa mpaka inachosha. Wahusika wake hawasemi, wanahutubia. Corelli aliweka tangazo mbele ya kitabu kwamba hakuna nakala iliyopelekwa magazetini kuhakikiwa, na wasomaji wakakigombania. Mimi nawaelewa. Chini ya maneno yote yale kuna kanuni moja safi: kila binadamu anayemkataa Shetani humsogeza Shetani mwenyewe karibu na mbingu. Kwa hiyo Shetani, aliyejifanya mwana wa mfalme aitwaye Lucio, anamshawishi mwandishi fukara aliyerithi pauni milioni 5, huku moyoni akiomba akataliwe. Kanuni kama hiyo huvumilisha kurasa nyingi mbaya.

Basi itafute kanuni. Nguvu ya kiumbe huyu inaishia wapi, na nani analipa? Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili wamegeuzwa manyani na jini, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku, apende asipende. Uchawi ule una ratiba, na una mtu anayeumia kwa kuutekeleza. Hauhitaji radi.

Malaika ni wagumu zaidi. Wengi hupewa mbawa, nuru na sauti ya tarumbeta, basi. Afadhali Kitabu cha Henoko, ambacho Ethiopia ndiyo iliyokihifadhi kizima kwa Kigeez: malaika 200 wanashuka juu ya Mlima Hermoni wakitamani wanawake, na Azazeli anawafundisha watu kufua panga na kupaka macho wanja. Malaika mwenye ufundi mikononi anaogopesha kuliko mwenye cheo kirefu. (Orodha za vyeo vya mbinguni ruka tu, hutakosa kitu.)

Mwisho fungua kwenye vita, kwa kawaida theluthi ya tatu ya kitabu. Wapiganaji wasiokufa ni tatizo ambalo Milton alilikabili katika Paradise Lost mwaka 1667: upanga wa Mikaeli unampasua Shetani, naye anaonja maumivu kwa mara ya kwanza, kisha jeraha linajifunga. Hakufa, lakini ameaibika mbele ya jeshi lake. Ukikuta panga zinagongana kurasa kumi na hakuna aliyepoteza hata heshima, rudisha kitabu rafuni, hata kama jalada lake linang’aa dhahabu.