Sikukuu katika Ufundishaji wa Kifaransa

Mbinu ya kufundisha Kifaransa kwa kufuata sikukuu za mwaka ina mvuto wake. Mwanafunzi huanza na keki ya tarehe 6 Januari, akaonjeshwa chapati za maji za tarehe 2 Februari, akapitia mizaha ya tarehe 1 Aprili na maua ya tarehe 1 Mei, hata akafika Krismasi. Msamiati huongezeka na darasa huchangamka. Hata hivyo, mbinu hii ikikomea hapo, mwanafunzi huwa amepewa orodha ya vyakula na kuambiwa kwamba huo ndio utamaduni.

Thamani ya sikukuu imo katika yale inayoyafichua ndani ya lugha yenyewe. Neno "fève" ni jina la aina ya haragwe. Hapo zamani punje yake ilifichwa ndani ya keki ya Januari, na aliyeipata akaitwa mfalme. Siku hizi kinachofichwa ni kisanamu cha kauri, lakini jina ni lile lile. "Étrennes" ni zawadi za mwaka mpya, ambazo humkumbusha msomaji wa pwani mkono wa Idi. Shina hilo limezaa kitenzi "étrenner", yaani kutumia kitu kwa mara ya kwanza. Nayo kauli "faire le pont", kujenga daraja, haielezeki kwa kamusi pekee: sikukuu ya Kupaa kwa Yesu huwa Alhamisi daima, na wengi hupumzika Ijumaa pia ili kuifikia Jumamosi.

Dosari nyingine ni kuichora Ufaransa kama jamii isiyo na mvutano. Sheria ya 1905 ilitenganisha dini na serikali, ilhali sikukuu 6 kati ya 11 za taifa zima zina asili ya Kikristo. Tarehe 14 Julai haikufanywa sikukuu ya taifa hadi 1880, zaidi ya miaka 90 baada ya Bastille kutekwa. Huko Alsace na Moselle, zilizotawaliwa na Ujerumani tangu 1871 hadi 1918, sheria ya 1905 haitumiki, na tarehe 26 Desemba ni mapumziko.

Hivyo basi, mwalimu hana budi kuuliza ni nani aliyeiweka siku fulani, ni nani aliyeipinga, na jina lake limetoka wapi. Pasipo maswali hayo, mwanafunzi wa Kiafrika atafunzwa kuistaajabia Ufaransa kabla ya kuielewa.