Asilimia 140, na Plotkin Akabaki Ndani

Nianze na mstari mmoja wa jedwali. Katikati ya Novemba 2020 mfuko wa Melvin Capital wa New York uliwasilisha kwa SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, fomu ya 13F, ile ya kila robo mwaka, kuonyesha ulichokuwa umeshika hadi tarehe 30 Septemba. Humo ndani ilikuwemo GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video: hisa milioni 5.4, na pembeni ya tarakimu hizo alama kwamba ni opsheni za kuuza, yaani dau kwamba bei itashuka. Mstari huo haukuvuja wala haukuibwa. Uliwasilishwa na mfuko wenyewe wa Gabe Plotkin, na haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa Oktoba, hata kabla fomu ile haijatoka, wawekezaji wadogo wa Reddit walishaanza kuitaja Melvin kwa jina na kupanga jinsi ya kuibana.

Kosa la Plotkin liko hapo, na sitalizungushia maneno. Sheria ya Marekani ilimpa kivuli cha kutosha. Anayeazima hisa na kuziuza halazimiki kujitaja hadharani. Namba zake huchanganywa na za wenzake na kutangazwa na FINRA, chombo kinachowasimamia madalali, mara mbili kwa mwezi kama jumla moja isiyo na majina. Opsheni za kuuza zinazouzwa kwenye masoko rasmi, hizo huandikwa kwenye 13F, na jina la mwenyewe juu ya ukurasa. Kati ya njia ya kificho na njia ya wazi, Plotkin alipita zote mbili kwa wakati mmoja. Aliazima hisa na kuziuza kimyakimya, kisha akanunua opsheni zilizomwambia kila mwenye kompyuta kwamba yeye ndiye mkubwa wa upande ule. Ukiwa na deni la aina hii, jambo la kwanza ni asijulikane nani anadaiwa. Yeye alijianika.

Na alijianika wapi? Kufikia mwisho wa Desemba 2020, zaidi ya hisa milioni 70 za GameStop zilikuwa zimeuzwa kwa kuazima na hazijarudishwa. Hisa zilizokuwa huru sokoni, ukitoa za wakurugenzi na wenye mafungu makubwa, zilikuwa kama milioni 50. Ndipo inapotoka ile asilimia 140. Deni hili hulipwa kwa hisa. Unaweza kuwa na dola kwa magunia, lakini kama wenye hisa wamekunja mikono, dola zako zitaishia kupandisha bei unayoikimbia. Mtu mwenye deni hilo, katika kampuni hiyo, kwa asilimia hiyo, alipaswa kuwa anatoka taratibu tangu katikati ya mwaka. Plotkin alibaki ndani.

Wasomaji wa safu hii mmeshanizoea kwa wimbo wa kigawanyo, na leo nitauimba tena, kwa sababu hakuna kesi inayouonyesha vizuri kuliko hii. Kila mtu hutazama namba ya juu: hisa ngapi zimeazimwa. Namba ya chini wanaiacha kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Ya GameStop ilikuwa inaliwa. Katika mwaka wake wa fedha wa 2019 kampuni yenyewe ilinunua hisa zake takriban milioni 38, zaidi ya theluthi, kwa wastani wa dola 5 na ushee kila moja. Mwekezaji Michael Burry ndiye aliyekuwa akiishinikiza ifanye hivyo kwa barua tangu Agosti mwaka huo. Kisha akaja Ryan Cohen, aliyetajirika kwa Chewy, duka la mtandaoni la bidhaa za wanyama, naye kufikia Desemba 2020 alikuwa ameshika karibu asilimia 13 na hakuja kuuza. Kila hisa iliyofutwa na kampuni, na kila hisa aliyoikalia Cohen, ilikuwa hisa moja pungufu kwa wanaodaiwa. Haya yote yalitangazwa. Yalikuwa kwenye taarifa zilizowasilishwa kwa SEC, kwa lugha nyepesi.

Ripoti ya SEC ya Oktoba 2021 ilitaja kilele cha asilimia 122.97, na wapo waliosema magazeti yalidanganya. Hayakudanganya. SEC nayo iligawanya kwa hisa zilizo huru, ila kila anayezihesabu zilizo huru hupata idadi yake, na majibu yote mawili yalikuwa yakimwambia Plotkin jambo lilelile.

Kuhusu kuzidi mia: Januari 2021, bei ya GameStop ilipopaa, nilichoka kusikia redioni kwamba ni wizi, kwamba haiwezekani kuuza hisa nyingi kuliko zilizopo. Inawezekana bila kughushi karatasi hata moja. Chukua hisa moja ya mstaafu wa Ohio. Dalali wake anaiazimisha kwa mfuko wa kwanza, nao unamuuzia mwalimu wa Texas. Mwalimu ameinunua kihalali, akaiweka kwa dalali wake. Dalali huyo naye anaiazimisha kwa mfuko wa pili, ambao unamuuzia mtu wa tatu. Hisa ni ileile moja, madeni ni mawili, na watu watatu wanalala wakijua ni yao. Hatari iko kwamba mnyororo huo unaweza kuitwa urudi wakati wowote, na ukiitwa, wote wanakimbilia hisa moja.

Watetezi wa Plotkin hurudi kwenye biashara yenyewe: maduka ya michezo ya video yalikuwa yanakufa, watu wanapakua michezo kwenye intaneti, kwa hiyo alikuwa sahihi. Utafiti wake ulikuwa mzuri, nakubali. Alianza kuuza tangu mfuko wake ulipozaliwa 2014, kama alivyoliambia Bunge la Marekani Februari 2021, na miaka sita iliyofuata ilimthibitisha. Lakini Aprili 2020 hisa ile ilishuka chini ya dola 3! Mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto. Ukiwa umeuza hisa ya dola 4, faida yote iliyobaki duniani ni dola 4, na hiyo ni mpaka kampuni ife kabisa. Hasara haina dari. Mtu aliyekwisha vuna sehemu kubwa ya mavuno alibaki shambani kuokota masalia, huku nyuma yake wenzake wakizidi kuingia na mlango ukizidi kuwa mwembamba. Ugonjwa wa kampuni haukuwa na uwezo wa kumwokoa hapo, kwa sababu bei ya hisa inayodaiwa na watu wengi hufuata wanaodaiwa.

Na asiseme mtu kwamba lilikuwa jambo geni. Volkswagen ilikuwa 2008 tu. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba Porsche ilitangaza kwamba ina asilimia 42.6 ya hisa za kura, na opsheni za asilimia 31.5 nyingine. Jimbo la Niedersachsen lilikuwa na asilimia 20 na kitu. Zilizobaki hazikufika 6. Walioazima na kuuza walikuwa na deni la zaidi ya asilimia 12. Tazama namba hiyo, 12: kwa macho ya haraka ni ndogo, hata GameStop ingeionea huruma. Ilipogawanywa kwa kigawanyo cha kweli iligeuka kuwa mara mbili ya kilichokuwepo. Ijumaa hisa ilikuwa karibu yuro 210. Jumanne ilipita 1,000 kwa muda, na mtengeneza magari wa Wolfsburg akawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Wale wa Ujerumani walikuwa na udhuru, kwa sababu Porsche ilificha opsheni zake hadi Jumapili ile. Plotkin hakufichwa chochote.

Mfananishe Plotkin na Jim Chanos, muuzaji mwingine wa hisa za kuazima. Alianza kuuza hisa za Enron, kampuni ya nishati, Novemba 2000, hisa ikiwa karibu dola 80, wakati wachambuzi wa Wall Street karibu wote walikuwa wakiwaambia watu wanunue. Alisoma taarifa za mwaka, akaona kampuni inapata faida ndogo kuliko gharama ya mtaji wake, akaona wakurugenzi wanauza hisa zao, akaingia. Chini yake kulikuwa na dola 80 za kushukia. Ndani ya chumba walikuwemo wachache, mlango mpana. Enron iliomba kufilisika tarehe 2 Desemba 2001. Huo ndio ufundi wa kazi hii: unaingia mapema mahali pasipo na watu. Vijana wa miaka hii husoma uchambuzi wa Chanos na kuuruka ukurasa unaoonyesha alisimama wapi.

Upande wa pili una wajinga wake pia, na nina kinyongo nao. Niliwahi kukaa kwenye semina ya uwekezaji ambapo mkufunzi alichora mstari na kuwaambia watu waliolipa kiingilio kwamba deni kubwa la hisa ni ishara ya kununua, kwa sababu lazima watabanwa. Hakutaja siku za kurudisha, yaani hisa zinazodaiwa ukizigawanya kwa wastani wa zinazouzwa kwa siku. Wala hakuuliza kwa nini zimeuzwa. Bed Bath & Beyond ilikuwa na deni kubwa la namna hiyo, ikapaa kwa muda mfupi mara kadhaa, na Aprili 2023 ikaomba kufilisika na wenye hisa wakabaki mikono mitupu. Mara nyingi walioazima wako sahihi.

Najua mnasubiri niongelee Robinhood na tarehe 28 Januari, siku waliyozuia watu kununua wakaruhusu kuuza tu. Dalali huyo alidaiwa dhamana ya karibu dola bilioni 3 alfajiri na hakuwa nazo. Ilikuwa aibu, na wateja wake walikuwa na haki ya kukasirika. Ila hadithi ya kwamba walifanya hivyo kumwokoa Plotkin haina miguu. Plotkin alikuwa ameshatoka.

Mifuko ya Citadel na Point72 ilimwingizia dola bilioni 2.75 tarehe 25 Januari. Hisa ilifunga siku hiyo kwa dola 76.79. Mwezi ule mfuko wake ulipoteza asilimia 53, na Mei 2022 akatangaza kuufunga. Kurudisha deni lote alikumaliza alasiri ya tarehe 26, akinunua kutoka kwa watu ambao walikuwa wanajua jina lake, wanajua anadaiwa, na wanajua hana mlango mwingine. Hisa ilifunga kwa dola 147.98. Aprili iliyotangulia angeirudisha kwa chini ya tatu.